Kilimani ya Nairobi: mgeni wa nchi jirani ananunua nini hasa?

Na Mwandishi Wetu, Nairobi

TAREHE 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku ile iligeuzwa kuwa masharti ya vyeti, lakini wakati huo malori yalikuwa yamekwisha kupanga foleni mpakani na wenye mizigo walikuwa wamekwisha kuonja hasara. Tangu hapo mwandishi wa makala haya amekuwa akisikia kauli moja kutoka kwa wafanyabiashara wa Arusha, Mwanza na hata Goma: faida ya miaka mizuri ihamishiwe kwenye kitu kisichooza mpakani. Kitu hicho, mara nyingi, huwa ni fleti katika eneo la Kilimani jijini Nairobi.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Nyumba haihitaji cheti cha afya ya mimea, wala haikai foleni Namanga. Hata hivyo, kati ya kile anachouza dalali na kile ambacho sheria ya Kenya inampa mnunuzi asiye raia kuna pengo, na wengi hulijua pengo hilo wakati fedha zimekwisha kuvuka.

Kwa wasioijua Nairobi, Kilimani iko upande wa magharibi wa katikati ya jiji, mwendo mfupi tu kwa gari pale barabara zinapokuwa wazi (jambo ambalo ni nadra). Inapakana na Ngong Road upande mmoja na Kileleshwa na Lavington upande mwingine. Mtu wa Dar es Salaam afikirie Masaki na Oysterbay, mtu wa Kampala afikirie Kololo. Enzi za ukoloni yote haya yalikuwa uzunguni: nyumba moja katikati ya kiwanja kikubwa, miti ya jakaranda mbele, chumba cha mtumishi nyuma. Mwongozo wa mipango miji wa Halmashauri ya Jiji wa mwaka 2004 ulikubali fleti Kilimani, lakini kwa kikomo cha ghorofa 4. Leo ukisimama karibu na Yaya Centre ukainua macho unaona majengo ya ghorofa zaidi ya 15, na winchi zikiendelea kupandisha mengine. Wakazi wa mitaa hii na ya jirani wamekwenda mahakamani mara kadhaa kupinga urefu huo, wakashinda baadhi ya mashauri na kushindwa mengine, na ujenzi haujasimama.

Kuishi Kilimani kuna raha yake na hakuna haja ya kuificha. Mimi mwenyewe nimekuwa mpangaji hapa kwa miaka kadhaa, nyuma kidogo ya barabara ya Argwings Kodhek. Nairobi Hospital iko jirani, shule ziko nyingi, maduka hufungwa usiku sana, na mtu akitaka kwenda mjini kwa miguu asubuhi anaweza. Ndiyo maana wapangaji wa kila aina wamo: maofisa wa mashirika, vijana wa kampuni za kompyuta, Wachina wenye migahawa na maduka yao, Wasomali, Wasudani Kusini, Wakongo. Mfanyabiashara wa nchi jirani akifika hapa hajisikii mgeni, na hilo lina thamani ambayo haiandikwi kwenye hati.

Maji ni habari nyingine. Bomba la jiji hutoa kwa zamu, na mabomba yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba moja sasa yanahudumia familia mia moja juu ya kiwanja kile kile. Majengo mengi yana kisima kirefu, na kisima kikigoma huja boza, na gharama ya boza huingia kwenye ada ya huduma ya mwezi. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi nyingi, jambo ambalo ndugu zetu wa Arusha hawahitaji kufafanuliwa, wanaliona kwenye meno yao. Makelele nayo yapo. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kuwa vilabu vya usiku visiendeshwe kwenye makazi ya watu. Msomaji akilala Kilimani siku ya Ijumaa ataamua mwenyewe tangazo lilifika wapi.

Tuje kwenye fedha. Dalali wa Kilimani ana hoja moja kubwa, nayo ni kwamba ardhi ya hapa haiongezeki. Ni kweli kabisa. Lakini yeye hakuuzii ardhi. Anakuuzia fleti moja kati ya fleti 120 au 200 zilizorundikwa juu ya ardhi hiyo, na fleti zinaongezeka kila mwezi. Kila nyumba ya zamani inayobomolewa humtajirisha aliyekuwa na kiwanja, kisha humletea mwenye fleti wa jengo la pili washindani mia moja wapya wa kugombea wapangaji wale wale. Bei ya ekari inaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku pango la fleti likibaki palepale, na hakuna ajabu yoyote katika hilo, kwa sababu bei ya ekari inapanda kwa kuwa juu yake zitasimama fleti nyingi zaidi. Aliyefaidi Kilimani kwa miaka 20 iliyopita ni mwenye kiwanja. Mnunuzi wa ghorofa ya 11 yumo katika biashara tofauti kabisa, ingawa anwani ni moja.

Kuna kipimo cha bure ambacho hakihitaji mthamini. Nenda nje ya jengo unalotaka saa mbili usiku, siku ya kazi, uhesabu madirisha yenye taa. Jengo lililokamilika mwaka mzima uliopita na nusu yake iko gizani limekwisha kukwambia habari ya pango.

Sasa mgeni wa nchi jirani anaongeza tatizo lake la pili, ambalo ni la sheria. Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa muda mrefu zaidi, au umiliki wa kudumu, mbele ya sheria inahesabiwa kuwa ni miaka 99. Kwa fleti, kipimo kingine ni muda uliobaki kwenye kiwanja chenyewe. Kama jengo limesimama juu ya ardhi ya kukodi iliyobakiza miaka 50, basi mnunuzi, awe raia au mgeni, amenunua miaka 50 ile na si zaidi.

Miaka 50 si michache, atasema mtu. Lakini hapa ndipo tofauti ya raia na mgeni inapokuwa kubwa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinaitaka serikali, muda wa kukodi unapokwisha, impe kipaumbele yule aliyekuwa na ardhi hiyo, kwa sharti kwamba awe raia wa Kenya. Mgeni hamo katika kipaumbele hicho. Katika ukumbi wa jengo wanaweza kukaa majirani wawili, Mkenya na Mtanzania, waliolipa bei ile ile siku ile ile, na mmoja ana mlango wa kuingilia tena muda ukiisha na mwingine hana. Sijawahi kusikia dalali akilitaja hili.

Wapo wanaotafuta njia ya uchochoroni. Wa kwanza husajili kampuni Nairobi pamoja na mbia Mkenya. Katiba ililiona hilo mapema: kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, kwa hiyo hisa moja ya Mtanzania inatosha kuirudisha kwenye miaka 99. Hata amana haikwepi, kwa sababu manufaa yake yote lazima yawe ya raia. Wa pili huandikisha nyumba kwa jina la rafiki, shemeji au mchumba. Siku ya harusi mambo huwa mazuri. Siku ya ugomvi, au siku rafiki anapofariki na ndugu zake kufungua kabati, mwenye fedha hana karatasi yoyote ya kumwonyesha hakimu isipokuwa karatasi inayothibitisha kwamba alikuwa anakwepa Katiba.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: si tuko Jumuiya moja? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Bidhaa, mitaji, huduma na wafanyakazi vimo. Lakini Ibara ya 15 ya itifaki hiyo inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Wakati wa majadiliano suala la ardhi lilikuwa kero kubwa, hususan kwa upande wa Tanzania, na likaachwa nje. Kwa hiyo Mtanzania anayelalamika Nairobi kwamba anatendewa kama mgeni anapaswa kukumbuka kwamba nchi yake ndiyo iliyotaka iwe hivyo.

Na Mkenya akitaka Masaki hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kupitia mamlaka ya uwekezaji inayoshikilia hati na kumpa yeye haki inayotokana na hati hiyo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iliwezesha fleti kuwa na hati yake, lakini haikumgeuza mgeni kuwa raia. Julai 2025 Tanzania ilikwenda mbele zaidi ikawazuia wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, udalali wa nyumba na ardhi ukiwamo, na Nairobi ikalalamika. Uganda iko katikati: Kololo mgeni anaweza kukodi hadi miaka 99, ila haruhusiwi kushika ardhi ya mailo wala ya umiliki wa kudumu. Ukiziweka nchi tatu pamoja, Kenya ndiyo iliyoacha mlango wazi kidogo kuliko Tanzania, na hiyo ni sababu mojawapo ya fedha za jirani kuelekea huko.

Tufanye hesabu. Takwimu za bei na pango hapa ni za mfano, msomaji aweke zake. Viwango vya kodi ndivyo vya sheria. Tuseme fleti ya vyumba viwili inauzwa shilingi za Kenya milioni 12. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 480,000. Wakili na usajili tuseme 200,000. Umetoa milioni 12.68. Pango tuseme 75,000 kwa mwezi na nyumba ikae wazi mwezi mmoja kwa mwaka: umepata 825,000. Ada ya huduma ya 9,000 kwa mwezi hulipwa hata nyumba ikiwa tupu, hivyo toa 108,000. Wewe uko Mwanza, kwa hiyo unamlipa wakala asilimia 8 akusimamie, toa 66,000.

Kisha inakuja kodi. Mkazi wa Kenya mwenye pango la makazi la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote, kabla ya gharama yoyote. Katika mfano wetu mkazi anatoa 61,875 na mgeni 247,500. Mkazi anabakiwa na shilingi 589,125, ambazo ni kama asilimia 4.6 ya fedha alizotoa. Mtu wa Mwanza anabakiwa na 403,500, asilimia 3.2 hivi. Hapo bado lifti haijaharibika.

Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Hali ile ilikuwa ya dharura na haikudumu. Kufikia katikati ya 2025 hati za hazina za siku 91 zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 16 hivi hadi karibu 8. Hata hiyo 8 ni zaidi ya mara mbili ya asilimia 3.2. Na mfanyabiashara wa vitunguu au mchele anayezungusha mtaji wake mara kadhaa kwa msimu hahitaji mwandishi amfundishe kulinganisha.

Jibu la kawaida ni kwamba faida iko kwenye kuuza, si kwenye pango. Inawezekana, lakini kodi ya faida ya kuuza ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, na mgeni anapaswa kuhesabu kwa dola au kwa shilingi ya kwao. Mwaka 2016 dola ilikuwa karibu shilingi 101 za Kenya, hivyo milioni 12 zilikuwa dola 118,000 na ushei. Kwa dola ya shilingi 129, kiwango ambacho soko lilitulia kuanzia katikati ya 2024, milioni 12 hizo hizo ni dola 93,000. Fleti ambayo bei yake haikusogea kwa shilingi imepoteza zaidi ya moja ya tano ya thamani yake kwa aliyeleta dola mwaka ule. Aliyebahatika ni aliyeleta dola zake Januari 2024, ziliponunua shilingi 160 kila moja. Huyo faida yake ilitoka kwenye fedha, si kwenye matofali.

Upande wa wapangaji, mambo yanavutana. Kufungwa kwa USAID mwaka 2025 kuliondoa mishahara mingi ya dola Nairobi, na baadhi ya mishahara hiyo ilikuwa ikilipa pango Kilimani na Kileleshwa. Kwa upande mwingine Umoja wa Mataifa umetangaza kuhamishia Nairobi baadhi ya ofisi zake. Lakini ofisi hizo ziko Gigiri, ng'ambo ya jiji, na wafanyakazi wake wengi hupenda kuishi karibu na huko. Wenye fleti waliokosa wapangaji wa kudumu wamekimbilia kupangisha kwa siku. Baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za namna hiyo Januari 2024, serikali iliwataka wenye nyumba hizo wajiandikishe, na majengo mengine yamepitisha kanuni za kuzikataa kabisa.

Kanuni za jengo si jambo dogo. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, inampa kila mwenye fleti hati yake na kumfanya mwanachama wa shirika la wenye jengo. Shirika hilo ndilo linalosimamia ngazi, lifti, kisima na maegesho, na linaweza kutunga kanuni na kukudai. Hii ni nafuu kubwa kuliko zamani, ambapo mjenzi alibaki ameshika kila kitu. Lakini majengo mengi ya zamani bado yana mikataba ya mtindo wa kale. Uliza jengo limesajiliwa chini ya sheria ipi, na kama shirika la wenye fleti lipo kweli au ni jina kwenye karatasi. Uliza pia akaunti ya akiba ina kiasi gani. Jengo la ghorofa 18 lisilo na akiba siku lifti inapokufa ni mlima.

Mto nao uulizwe. Kirichwa Ndogo unaonekana kama mfereji tu wakati wa kiangazi. Agosti 2018 kituo cha mafuta na mgahawa vilivyokuwa vikifanya biashara hadharani huko Kileleshwa vilibomolewa kwa kuwa viko kando ya mto, na jengo la maduka la Westlands likabomolewa siku hizo hizo. Kuwa na kibali cha ujenzi hakukumwokoa mtu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakumbusha waliokuwa wamesahau.

Lipo pia suala la fedha zenyewe zimetoka wapi. Septemba 2016 taarifa ya taasisi ya The Sentry ilionyesha nyumba za kifahari za wakubwa wa Sudan Kusini mtaani Lavington, jirani kabisa na hapa, wakati nchi yao ikiungua. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu. Tangu hapo mawakili na benki wamekuwa wakali, na mtu wa Goma anayefika na dola za taslimu za biashara yake halali, hasa tangu benki za mji wake zilipofungwa mwaka 2025, huulizwa karatasi ambazo hana. Mwenye kununua aanze kutunza risiti za mpakani mwaka mmoja kabla, si wiki moja.

Wala asidhani hati ya nyumba ni kibali cha kuishi. Raia wa Jumuiya huingia Kenya kwa matembezi hadi miezi 6. Zaidi ya hapo anahitaji sababu nyingine, kama ajira au biashara iliyosajiliwa. Unaweza kumiliki fleti Kilimani na ukawa mtalii ndani yake.

Jambo la mwisho huwa halizungumzwi kwa sababu si la heri. Mwenye fleti akifariki Mwanza, barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya Tanzania haimpi mjane wala watoto uwezo wa kugusa nyumba ya Nairobi mpaka ipelekwe Mahakama Kuu ya Kenya kutiwa muhuri, au shauri lifunguliwe upya huko. Wakili atalipwa kwa shilingi za Kenya. Muda wote huo ada ya huduma inaendelea kuhesabiwa kila tarehe moja, na miaka ya kwenye hati inaendelea kupungua.